Majina Saba Kabla ya Gitaa

Jumatatu iliyopita watu watatu waliniambia, mmoja baada ya mwingine, kwamba tamasha la Jumapili lilikuwa tamu kuliko yote ya mwaka huu, na wa tatu nusura nimrushie mashine ya kubania karatasi. Naandika haya hasira ikiwa bado juu. Sitasubiri itulie, maana najijua: ikitulia nitaanza kumtafutia kila mtu kisingizio. Jina la mtu sitaandika hapa, hata moja. Majina yamechezewa vya kutosha hapa Kolwezi.

Nina duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, chumba kimoja kando ya barabara ya malori ya madini. Vumbi la barabara hiyo limekwisha kuniharibia printa mbili. Mlangoni anakaa fundi wa simu na meza yake, na ukutani kuna mabenchi mawili ya wateja. Kwa sababu ya mabenchi hayo, kila Jumatatu asubuhi, kabla umeme haujakatwa, mashabiki wa bendi yetu hukutana kwangu kuelezana walichosikia jana yake.

Bendi yetu ni ya roki. Watu wa kwingine wakiambiwa bendi ya Kongo wanasubiri viuno vizunguke, na mimi zamani nilikuwa vilevile. Hawa wako wanne: mwimbaji, mpiga gitaa, mwenye gitaa nene la sauti za chini, na mpiga ngoma ambaye wiki nzima anachomelea milango ya chuma na Jumapili anapiga kama mtu aliyesahau kwamba kazi imekwisha. Wanapiga katika klabu moja iliyo nyuma ya soko, kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua linapoinama, kwa kuwa mwenye klabu hataki ugomvi wa giza. Paa lilikuwa la mabati matupu. Kulikuwa na bati moja, kona ya kushoto, lililotetemeka kila gitaa nene lilipogusa sauti fulani, na fundi wa simu alikuwa akiliita mwanabendi wa tano.

Jumatatu yetu ina sheria. Hairuhusiwi kusema "ilikuwa bien", yaani nzuri, kisha ukanyamaza. Lazima useme ulisimama wapi, ulisikia nini, na mwili wako ulifanya nini. Nesi wa zahanati ya jirani, shabiki mkubwa kuliko sisi wote, alisema siku moja kwamba gitaa nene lilimwingia kwenye meno, na akaonyesha jino lenyewe. Wiki nzima tulimwita mama wa jino.

Aliyeanzisha sheria hiyo ni mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa mchimbaji, wa wale wanaoteremka kwa kamba wakiwa na tochi kichwani, si wa wale wanaochukuliwa na basi la kampuni. Jumapili alikuwa hashuki. Alioga mara mbili, akavaa shati jeusi ambalo mama alilichukia, akaenda kusimama kushoto, chini ya lile bati. Ndiye aliyenivuta kwa mkono mara ya kwanza, mimi mtu mzima, naona haya kuonekana kati ya watu wanaotikisa vichwa. Wimbo wa pili haukuisha kabla ya mimi mwenyewe kutikisa kichwa. Jumatatu alikuwa anaondoka mapema kwenda shimoni, kwa hiyo alipita kwangu, akanywa chai amesimama, akanieleza tamasha lake lote huku nikichapa. Saa nne nikawasomea wengine. Hakuwa na shule nyingi, lakini maneno alikuwa nayo. "Pale ngoma ilinyamaza," alisema mara moja, "nilisikia tumbo yangu inalia, na mwenye kusimama pembeni yangu naye aliisikia." Watu walicheka mpaka benchi likaachia msumari.

Asubuhi moja ya mvua udongo uliteremka. Walitolewa watu wawili, saba wakabaki chini, na yeye alikuwa mmoja wa saba. Siku chache baadaye tingatinga lilisawazisha mahali pale, uzio ukawekwa, na hatukupewa mwili wala nafasi ya kwenda kusimika hata msalaba wa mti. Matanga tulikaa bila maiti. Mama alilia siku tatu, kisha akafunga mdomo. Jina la mwanawe hakulitaja tena. Akitaka kusema habari zake alisema "mudogo yako", na mimi nikajifunza kulimeza jina hilo kila nikiwa nyumbani, maana nilipolitaja mama alisimama akaenda nje kuangalia mkaa hata kama hakukuwa na moto.

Baada ya miezi kadhaa mwimbaji alikuja dukani. Ni mdogo kwangu kwa umri, ananiita yaya, dada mkubwa. Alisimama mlangoni akishika kofia.

"Yaya, unichapie majina ya bote saba," alisema. "Mi nataka kubaimba."

Nilikwenda kwa familia nyingine sita, moja baada ya nyingine, kuuliza jina lile mtu aliloitwa nyumbani, si lile la kadi ya uchaguzi. Familia moja ilikuwa imeshahamia Mutshatsha kwa mashamba, nikaifuata hukohuko kwa pikipiki. Nilichapa karatasi moja, herufi kubwa, na mwimbaji akaibandika kwenye mti wa maikro, kipaza sauti chake. Ilibaki hapo kila Jumapili, ikachakaa pembeni, nikachapa nyingine.

Wimbo wenyewe nitaueleza, kwa kuwa yote yanatoka humo. Katikati gitaa zinanyamaza, inabaki ngoma peke yake. Ngoma inapiga mapigo saba mazito, na kila pigo lina jina. La kwanza, la pili, mpaka la saba. Baada ya la saba kunakuwa kimya cha pumzi moja, halafu gitaa linaingia lote kwa mara moja na klabu nzima inapiga kelele. La saba lilikuwa la mdogo wangu. Mwimbaji aliamua hivyo mwenyewe, kwa kuwa alijua kijana yule alikuwa akiishi kwa ajili ya mahali kama hapo, pale gitaa linaporudi.

Mara ya kwanza nilipolisikia jina lile kwenye maikro nilishikilia shati la fundi wa simu mpaka kifungo kikatoka. Nililia, sikatai. Lakini baada ya hapo kila Jumapili nilikwenda kulisikia, na nilikuwa nalisubiri kuanzia Jumatano. Kaburi hatuna. Nyumbani halitajwi. Mahali pekee duniani jina lile liliposemwa kwa sauti ya mtu aliyemaanisha palikuwa pale, kwenye pigo la saba.

Sasa kuna jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, na kwa kuwa tulilijua mno tulilisahau. Kwetu mwimbaji akitaja jina la mtu ndani ya wimbo, mtu huyo amelipa. Tunaita libanga. Tajiri wa magari, mkubwa wa ofisi, mfadhili wa timu ya mpira, wote hutupiwa mabanga, na mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba jina likisikika katikati ya muziki ni la mtu mwenye pesa. Bendi yetu haikuwa ikitupa mabanga. Tulijivunia hilo, tukawacheka wa bendi nyingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mtu mgeni akiingia pale, akasikia majina saba yanaitwa na umati unalipuka, ataona matajiri saba.

Mgeni huyo alikuja. Ni mnunuzi wa madini, negosian, mwenye depo upande wa Kingamyambo, mtu wa tumbo la heshima na kofia ya kauboi. Alipenda muziki, hilo simnyimi. Alikaa meza ya mbele, akapiga mguu, na wimbo wa majina ulipofika nilimwona anageuka kutazama umati. Baada ya wiki mbili klabu ilikuwa na ampli mpya za kukuza sauti, spika zinazonifika kifuani, na dari ya mbao nyeupe chini ya mabati. Bati la kona halikusikika tena.

Jumapili ya kwanza ya ampli hizo nilisimama kushoto kama kawaida. Ngoma ikaanza. Moja, mbili, tatu. Nilifumba macho kwenye la sita, kama ninavyofanya siku zote, nikangoja. Kwenye pigo la saba lilikuja jina la negosian, na cheo chake mbele, na kimya cha pumzi moja, na gitaa likaingia, na watu wote mia na ushee wakapiga kelele walizokuwa wakimpigia mdogo wangu. Meza ya mbele, mzee mzima alisimama akavua kofia kuwasalimu.

Sikufanya lolote. Hilo ndilo linalonichoma. Nilisimama pale kama mti wa kuanikia nguo.

Jumatatu nilifungua duka mapema nikawasubiri. Nilidhani watakuja wakiwa wamewaka. Fundi wa simu akafika, akaweka bisibisi zake mezani kwa utaratibu, akatabasamu.

"Ile ampli, yaya! Nilisimama ku mlango na bado nilisikia kila uzi. Nywele ya mikono ilisimama yote."

"Zamani ilikuwa makelele ya bati tu," nesi akasema. "Sasa muziki iko propre, safi kabisa. Mi nilisikia mpaka mate ya mwimbaji."

"Na majina?" niliuliza.

"Majina gani?"

"Mulihesabu majina?"

Wakatazamana. Ndipo fundi wa simu akaanza kucheka, kicheko cha pembeni, akifunika mdomo.

"Aa, yule tata, yule muzee wa kofia! Alijitia mu liste ya bantu benye kufa. Yeye anazani ni ba patron, ba tajiri!"

Nesi naye akacheka, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akingoja fotokopi akaelezwa, akacheka zaidi ya wote. Waliona ni kichekesho. Waliliona jambo lenyewe, walilisikia kwa masikio yao, na walichobaki nacho ni mzee mjinga mwenye kofia. Hakuna aliyeuliza jina lipi limetoka ili lake lipate pa kukaa. Watu waliokula matanga nyumbani kwetu, waliolala kwenye mikeka ya mama! Niliwaambia watoke, mabenchi ni ya wateja. Walitoka wakidhani natania, wakasimama kwenye jua kali wakisubiri niwaite.

Sikuwaita. Jumatatu zilizofuata walirudi wenyewe, kama kwamba hakuna lililotokea.

Jumapili ya pili jina lilikuwa lilelile la negosian, na safari hii alikuja na wenzake wawili wasikie. Jumatano yake nilimfuata mwimbaji anakofanyia mazoezi, kwenye gereji ya mjomba wake. Aliniona kwa mbali akaanza kukunja nyaya ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Yaya, usikasirike," alianza.

"Nimekasirika tayari. Endelea."

"Nyimbo iko na mapigo saba. Kama moja inaingia, moja inatoka."

"Juu ya nini itoke ya mudogo yangu?"

"Sababu njo ya mwisho. Tata alitaka ya mwisho, pale bantu banapiga makelele."

"Na ulimwambia ile liste ni ya bantu gani?"

Aliendelea kukunja nyaya. Mpiga ngoma, nyuma yake, aliinamisha kichwa akajifanya anakaza skrubu.

"Hakuuliza," mwimbaji akasema mwishowe. "Yaya, alituletea ma ampli. Aliona karatasi ku maikro akasema, na mimi muniandike pale. Ningemuambia nini? Ningesema, tata, pale ni pa bantu benye kufa, angezani tunamutukana."

"Kwa hiyo ulimtoa mwenye kufa."

"Nitamurudisha. Dimanche hii, nakuapia."

Aliapa mbele ya wenzake wote kwamba Jumapili hiyo atamrudisha. Jumapili ya tatu sikufumba macho, nilimtazama usoni. Alipofika kwenye la saba aliangalia juu, kwenye dari nyeupe, akamtaja negosian. Ndipo nilipoona karatasi ya kwenye maikro. Haikuwa niliyoichapa mimi. Ilikuwa mpya, imechapwa kwa mwingine, herufi za mapambo.

Nilikwenda Kingamyambo Jumanne. Mama aliniuliza naenda wapi na kitambaa cha kanisani kichwani, nikasema naenda kununua wino. Depo ya negosian ilikuwa na mizani mlangoni na magunia mpaka kwenye dari, na yeye mwenyewe alikuwa ndani, kwenye kiti cha plastiki, anakula karanga. Aliniita mama ingawa ananizidi umri kwa mbali. Alifuta kiti kingine kwa kiganja.

"Mama, karibu, ikala. Kuko shida gani?"

Nilimwambia nimekuja kwa habari ya wimbo. Uso wake ulifunguka. Aliulizia kama nilikuwepo, kama nilisikia, kama kule nyuma sauti inafika. Alitaka maoni! Kama watu wangu wa Jumatatu, alitaka nimwambie nilisimama wapi na nilisikia nini. Nikamwambia jina moja limetoka ili lake liingie.

"Aa." Alijifuta maganda ya karanga kifuani, akashusha sauti. "Ni ya bwana yako? Mama, usikasirike. Umuambie bwana ile mambo ya ma libanga iko vile, leo mimi, kesho yeye. Kama anataka, tunaweza kuongea, baume kwa baume."

"Hapana bwana yangu. Ni mudogo yangu."

"Muzuri. Anafanya kazi wapi?"

"Eko mu udongo, tata. Alikufa mu shimo. Bote saba balikufia mule, siku moja. Ile liste yenye ulijitia ni ya bantu benye kufa."

Nilisema hivyohivyo, bila kumlainishia. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima kichwani, nimeifanyia mazoezi kwenye pikipiki, na sikuihitaji. Karanga alizokuwa nazo mkononi alizirudisha kwenye kikaratasi moja moja. Alivua kofia. Aliniuliza ni shimo gani, nikamtajia, na alipolisikia hakuniangalia mimi, aliangalia magunia yake. Nje watu walikuwa wanabishana kuhusu mizani.

"Bananitaja mara ngapi?" akauliza.

"Dimanche tatu."

"Pamoja na bo, bale benye kufa. Mu mustari moja."

"Pamoja na bo."

"Na bantu balikuwa banapiga makelele. Banacheka?"

Nilikaza kitambaa changu kichwani, na alijua. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Alichukua simu palepale, akampigia mwimbaji.

"Mutoe ile nyimbo," alisema. "Hapana, hapana jina yangu tu. Nyimbo yote! Sitaki kuisikia tena mule ndani, siku ata moja. Kama munaimba, nakuya kuchukua bintu yangu yote, na dari nabomoa."

"Tata!" nilisema. "Mi sikukuya kuomba ile."

Pole alinipa. Alisimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipa pole ya msiba kwa adabu zote, kama vile umetokea jana, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Lakini wimbo hakuurudisha. Alisema nimwelewe, yeye ana watoto, jina lake limeshaitwa mara tatu upande ule wa wafu, mara ya nne hawezi kuisogelea. Nilimwelewa, na kumwelewa kwenyewe kulinitia hasira zaidi. Nilikwenda kuomba jina moja lirudi, nikarudi Kolwezi nimewafukuza wote saba.

Kwenye pikipiki nilijitukana kwa lugha zote ninazozijua. Ningenyamaza, sita wangebaki. Familia ile ya Mutshatsha ilikuwa imeanza kuja mjini kila mwezi kwa ajili ya wimbo ule tu, baba, mama na bibi, wanasimama mlangoni dakika tano kisha wanarudi zao. Nani angewaambia?

Jumapili ya nne, hii iliyopita, nilikwenda. Nilitaka kuona kama watathubutu. Walithubutu vizuri sana. Wimbo wa kabla yake ulipoisha, wimbo wa baada yake ukaanza, na pale katikati hapakuwa na hata kovu. Ampli zilikuwa safi. Watu walitikisa vichwa. Nesi alikuwa amefumba macho mbele ya spika na meno yake yote. Niliona hakuna atakayeuliza, na kwamba kesho yake watakuja kwenye mabenchi yangu kusema muziki uko propre, na nikasikia nikikaa pale dakika moja zaidi nitavunja kitu. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, wa upande wa choo, jua likiwa bado kali.

Nyuma ya klabu kuna uchochoro na ukuta wa matofali ya kuchoma. Mama yangu alikuwa ameketi hapo juu ya ndoo iliyogeuzwa, mgongo ukiegemea ukuta, Biblia mapajani, amevaa kitenge cha chama cha akina mama. Jumapili saa hizo mama huwa kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Huyu ndiye mwanamke aliyesema muziki ule ni wa shetani na aliyetaka kulichoma shati jeusi.

"Mama? Weye uko hapa?"

"Niko."

"Na chama ya ba mama?"

"Inaishaka saa nane."

Nilichuchumaa mbele yake. Spika ilikuwa upande wa pili wa ukuta, na matofali yalikuwa yakitikisika mgongoni kwake.

"Tangu lini unakuyaka hapa?"

"Tangu balianza kumuita," alisema. Aliifunga Biblia na kuiweka chini ya kwapa. "Lakini sasa dimanche ine simusikie. Zile tatu nilisikia bale sita muzuri, ngoma yote, na leo ata nyimbo yenyewe hapana. Pa jina yake nilisikia kitu ingine tu. Nilizani masikio yangu njo inakufa. Nilikuwa nataka nikuombe unipeleke ku hospitali."

Nilimweleza yote. Ampli, kofia ya kauboi, karatasi ya herufi za mapambo, Kingamyambo. Nilieleza vibaya, kwa kelele, nikiwatukana watu mmoja mmoja, na nilipofika mahali pangu mwenyewe, pale nilipofanya wimbo wote utolewe, nilijitukana na mimi. Mama hakunikatiza. Nilitegemea atasimama aende kuangalia mkaa, lakini pale hapakuwa na mkaa.

"Basi masikio iko muzima," alisema.

"Iko muzima, mama."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja, pigo moja zito, akataja jina la kwanza. Si la mtoto wake, la yule wa Mutshatsha. Akapiga tena, akataja la pili. Mama ambaye hajui hata mimi napenda nyimbo gani alikuwa nayo yote, kwa mpangilio wake, pamoja na pumzi zake, watoto sita wa watu wengine ambao wengine hakuwahi kuwaona. Sita yalipokwisha mkono ulibaki juu. Nilidhani atashindwa hapo. Ukashuka, akalitaja jina la mdogo wangu, kwa sauti ya kumwita mtu aje kula.

Baada yake alinyamaza pumzi moja, pale pa gitaa. Ndani walikuwa katika wimbo mwingine kabisa.

Sitawasamehe wale wa mabenchi, na mwimbaji akija kuchapa chochote atafute duka lingine. Nilimwambia mama hivyo tukiwa njiani kurudi, na mengine mengi, mpaka tulipofika karibu na nyumbani akanisimamisha, akanipa ile ndoo niibebe.

"Dimanche yenye inakuya," alisema, "ulete kiti yako."